Bustani Ihesabiwe Kuanzia Maua

Masika yakianza kunyesha, maduka ya pembejeo hujaa watu. Mwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba hununua kipakiti cha nyanya, cha kabichi, cha mchicha na cha vitunguu, na kabla ya wiki kwisha mbegu zote nne zimeshaingia ardhini. Desturi hii imetoka shambani kwenye mahindi na maharage, na huko ina sababu zake nzuri. Ikihamishiwa kwenye bustani ya mboga inaleta hasara. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: usitafute tarehe ya kusia mbegu kwa kuangalia mvua inaanza lini. Amua kwanza maua na matunda ya mmea huo yakutwe na hali gani ya hewa, kisha hesabu wiki kurudi nyuma mpaka siku ya kusia. Mboga ya majani itakwenda pamoja na mvua. Nyanya, kitunguu na tikiti vitaikwepa: vikae kitaluni au vingoje kusiwa mvua inaponyesha, vichanue na kukomaa mvua ikiwa imeshapita.

Kabla ya kuhesabu, inafaa kuweka kando vitabu na video za bustani zilizotengenezwa katika nchi za theluji, maana ndizo zilizojaa kwenye simu zetu. Kule kinachotawala ni baridi. Mtunza bustani husubiri usiku wa mwisho wa kugandisha maji, ndipo atoe miche nje, na baridi hiyo ikirudi msimu wake umefungwa. Urefu wa mchana nao hubadilika sana: London huwa na mwanga wa saa 8 hivi mwezi wa Desemba na zaidi ya saa 16 mwezi wa Juni. Sisi tulio karibu na ikweta mambo hayo mawili kwa sehemu kubwa hatuyajui. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Nairobi ni dakika chache tu. Ndiyo sababu maelekezo ya nyuma ya pakiti ya kigeni, "sia Machi hadi Mei", hayamwambii chochote mtu wa Morogoro. Ndiyo sababu pia baadhi ya mbegu za vitunguu zinazoagizwa kutoka Ulaya ya kaskazini hutoa majani mazuri bila kufunga kitunguu: zinangoja mchana mrefu ambao hapa hauji. Chagua aina zilizozoea mchana wa saa 12, kama Red Creole, Red Bombay au Mang'ola Red.

Kwetu yanabaki mambo mawili ya kuamua: maji, na joto linalotokana na mwinuko wa mahali. Kwa upande wa maji, jiulize kwanza kama unaishi penye misimu miwili au mmoja. Pwani ya kaskazini, Kilimanjaro, Arusha na sehemu kubwa ya Kenya hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Mtwara hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa upande wa joto, hewa hupoa kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kila unapopanda mita 100. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo ina ubaridi wa nyuzi 8 hivi kupita Tanga, ingawa zote mbili zinapata mvua katika miezi ileile. Watu wanaopanda kwa kufuata mvua peke yake huusahau mwinuko, na hapo ndipo jamaa wa Tanga na jamaa wa Arusha wanapofuata kalenda moja, na mmoja wao lazima aumie.

Watu wa pwani walilielewa hili zamani kuliko vitabu vya kilimo. Waliugawa mwaka kwa pepo na hali ya hewa, yaani kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani na vuli. Tena walikuwa na hesabu iliyo makini zaidi. Mwaka wa Nairuzi, ambao mwanzo wake bado unasherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa, una siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Walihitaji hesabu hiyo kwa sababu mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, na miezi yake hupita misimu yote. Mwezi wa Rajabu ukikuta masika leo, baada ya miaka michache utakuta kiangazi. Baharia na mkulima hawawezi kutegemea mwezi unaohama namna hiyo. Napenda sana kipimo cha siku kumi, na naona kinafaa bustani kuliko mwezi mzima: mwezi ni mrefu mno kwa mche wa nyanya, na siku moja ni fupi mno kwa mvua isiyo na ahadi.

Sasa tuangalie ushahidi, tukianza na upande ambao desturi ya kupanda na mvua ya kwanza iko sahihi. Udongo uliokauka miezi kadhaa ukinyeshewa ghafla, vijidudu vyake huamka na kuvunja mboji kwa kasi, na kwa muda mfupi naitrojeni nyingi huwa tayari kwa mizizi. Jambo hili lilichunguzwa hapahapa kwetu, Muguga nchini Kenya, na mtafiti H. F. Birch katika miaka ya 1950, na mpaka leo wanasayansi wa udongo duniani huliita kwa jina lake. Naitrojeni hiyo haikai. Mvua zikiendelea huizamisha chini, mizizi mifupi isiifikie. Mmea unaofaidi ni ule uliokwisha kuota mapema na unaotaka majani: mchicha, ambao huvunwa baada ya wiki 3 au 4, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, mgagani, na matembele yaliyopandwa kwa vipande. Hizi sia siku za mwanzo kabisa za mvua, na usichelewe hata mwongo mmoja. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4, kwa hiyo kitalu chake kianze mwezi mmoja kabla ya mvua kwa kumwagiliwa, ili mche uhamishwe udongo unapolowa. Lakini naitrojeni hiyohiyo ikiufikia mnyanya huupa majani manene na kuchelewesha maua. Neema ya mchicha ni kikwazo cha nyanya.

Upande wa pili ni ugonjwa, na hapa hoja ni nzito zaidi. Bakajani chelewa, ugonjwa uleule uliokausha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, hushambulia nyanya na viazi mviringo. Vimelea vyake vinahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa mfululizo pamoja na hewa ya ubaridi wa wastani. Masika ya nyanda za juu huvipa vyote viwili kila usiku. Madoa ya rangi ya maji machafu huonekana leo, na wiki ijayo tuta zima limeungua. Dawa nyingi za ukungu zilizo rahisi kupatikana hufanya kazi kwa kulifunika jani tu, kwa hiyo mvua ya mchana huosha kilichopuliziwa asubuhi. Mkulima anapulizia tena, na tena, mpaka gharama inaipita nyanya yenyewe, na siku zinazotakiwa kupita kati ya dawa na kuvuna hazipatikani. Tope linalorushwa na matone hubeba magonjwa mengine kutoka ardhini hadi jani la chini, na kwenye kabichi hueneza uozo mweusi kutoka mche mmoja hadi mwingine. Tunda linaloiva kwenye mvua hupasuka. Tikitimaji huwa na maji mengi na utamu kidogo. Kitunguu kilichokomaa kwenye udongo uliolowa hakikauki shingo, na kitunguu kisichokauka shingo huoza ghalani.

Joto nalo lina la kusema. Mnyanya hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 29 na usiku wa nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 hivi kwa siku nyingi, chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kuacha tunda. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 12 hivi, matokeo ni yaleyale. Chukua Dar es Salaam. Februari, wakati wa kaskazi, usiku huwa na nyuzi kama 25. Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, hushuka hadi 18 au 19. Mnyanya uliosiwa Novemba kwa kufuata vuli utachanua Januari na Februari, yaani katika usiku mbaya kuliko wote wa mwaka. Mwenye bustani atalaumu mbegu, atalaumu udongo, ataongeza mbolea, na maua yataendelea kuanguka. Kosa liko kwenye tarehe.

Basi hesabu ya nyanya kwa mtu wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, iwe hivi. Maua ya kwanza yatakiwe mwishoni mwa Juni, mvua kubwa zikiwa zimekwisha na usiku umepoa. Miche hukaa kitaluni wiki 4, na kutoka kuhamishwa hadi kuchanua ni kama wiki 4 nyingine. Ukirudi nyuma wiki 8 kutoka tarehe 25 Juni unafika tarehe 30 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya kusia, katikati ya masika, lakini kitalu ni kidogo na unaweza kukifunika kwa paa la nailoni au makuti. Shamba zima huwezi. Miche inahamishwa mwisho wa Mei, udongo ukiwa bado na unyevu wa chini. Tunda la kwanza linaiva wiki 7 hivi baada ya ua, katikati ya Agosti, na mavuno yanaendelea hadi Septemba. Ukiongeza kundi la pili la miche mwongo mmoja au miwili baadaye, meza haitakosa nyanya mpaka vuli inakaribia.

Mtu wa Arusha, Lushoto, Nairobi au Limuru asiinakili hesabu hiyo. Juni na Julai kwake ni miezi ya mawingu, ukungu na manyunyu, ambapo jani halikauki hadi saa nne asubuhi na usiku ni wa baridi. Bakajani hupata nafasi hata bila mvua ya maana. Kwake dirisha zuri zaidi ni Januari na Februari: jua lipo, jani ni kavu, na kwa sababu ya mwinuko usiku hauna joto linaloua chavua. Mimea hukua polepole kwenye baridi, kwa hiyo hesabu wiki 10 badala ya 8 kutoka mbegu hadi ua. Maua yakitakiwa siku ya Krismasi, asie mbegu katikati ya Oktoba, vuli iikuze miche, na tunda lianze kuiva nusu ya pili ya Februari. Angalia tofauti ilivyo kubwa: miezi ileile ambayo mtu wa Tanga aiogope, mtu wa Lushoto aliye juu yake kwenye milima ya mkoa huohuo aitafute. Dirisha la pili la nyanda za juu lipo, maua ya Agosti kutokana na mbegu ya mwishoni mwa Mei, lakini ni jembamba na linataka macho kila siku.

Penye msimu mmoja, hesabu ni nyepesi kwa sababu kiangazi ni kirefu. Dodoma, mbegu ya mwanzoni mwa Machi huchanua Mei mvua zikiwa zimekoma. Iringa na Mbeya, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali kwa mnyanya, ni afadhali kusia katikati ya Juni penye kinga ya upepo na kutaka maua mwisho wa Agosti, ili uvune Oktoba na Novemba kabla mvua mpya haijafika.

Vitunguu vihesabiwe kuanzia siku ya kung'oa, maana kinachohitaji ukavu ni kukomaa na kukausha. Kitalu chake ni cha wiki 6 hadi 8, na shambani hukaa siku 90 hadi 120. Ukitaka kung'oa mwanzoni mwa Septemba, upandikize mwishoni mwa Mei na usie mwanzoni mwa Aprili. Kabichi hufunga vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20, kwa hiyo pwani ilengwe kipupwe, na milimani hofu iwe mvua peke yake. Tikitimaji huiva siku 75 hadi 90 baada ya kusiwa, nalo ulisie mwishoni mwa mvua, moja kwa moja ardhini. Karoti nayo haihamishwi.

Pingamizi la kwanza, na la haki kuliko yote, ni maji. Atasema mtu: mvua ndiyo maji yangu, ukiniambia nivune kiangazi umeniambia nisilime. Tuhesabu. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Katika hali ya hewa yetu bustani iliyojaa majani hutumia milimita 4 hadi 6 kwa siku. Matuta yenye jumla ya mita za mraba 15, yanayobeba minyanya 50 iliyopandwa sentimita 60 kwa 50, yatataka lita 60 hadi 90 kila siku, yaani ndoo 3 hadi 5 za lita 20, na mche mdogo hutaka chini ya hapo. Ukitandaza nyasi kavu juu ya udongo, matumizi hupungua zaidi. Sasa tazama bati. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 hushusha lita 600, na hata ukipoteza sehemu ya tano, lita 480 zinaingia kwenye tangi. Mvua kumi za namna hiyo hukaribia kujaza tangi la lita 5,000, na masika ya kawaida huwa na zaidi ya kumi. Tangi hilo, kwa lita 75 kwa siku, litakumwagilizia kwa siku 66, muda unaotosha kutoka mche mdogo hadi tunda la kwanza kuanza kubadilika rangi. Asiye na tangi apunguze eneo: minyanya 12 iliyopata maji ya kutosha italisha nyumba vizuri kuliko 60 iliyokufa kwa ukungu. Pingamizi hili linabaki kuwa na nguvu mahali ambapo ndoo ya maji inanunuliwa au inabebwa kichwani kutoka mbali. Huko nisingemshauri mtu alime nyanya kiangazi. Alime mchicha na kunde kwa mvua, na nyanya anunue.

Wengine watauliza kama wazee walikosea, maana wao walipanda mvua ilipoanza. Wazee walipanda nafaka na kunde mvua ilipoanza, na mboga zao nyingi zilikuwa za majani, nyingine zikijiotea zenyewe katikati ya mahindi. Walipotaka mazao ya kiangazi walikuwa na mpango mwingine kabisa. Katika Iringa na Njombe kilimo cha vinyungu, vile vishamba vya mabondeni vinavyolimwa maji yanapopungua, kinafuata hesabu hii ninayoitetea: mvua huhifadhiwa ardhini, na zao hukua wakati anga ni kavu. Mwenye kinyungu aangalie jambo moja tu ambalo mwenye tuta la mlimani hana haja nalo. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka usiku na kujikusanya bondeni, kwa hiyo Njombe na Makete sakitu ya Juni na Julai huunguza bonde kabla ya mteremko. Kabichi, njegere, karoti na vitunguu huvumilia baridi ya namna hiyo ikiwa nyepesi. Maharage, viazi na nyanya havivumilii, na vikae juu kidogo ya bonde au vingoje Agosti.

Kuna pingamizi la mfanyabiashara, nalo linataka jibu la moja kwa moja. Bei ya nyanya hupanda baada ya mvua nyingi. Kwa nini basi tusilime wakati huo? Bei imepanda kwa sababu waliojaribu wengi wameshindwa, na asiye na kinga ana nafasi kubwa ya kuwa miongoni mwao. Anayetaka soko hilo ajenge banda lenye paa la nailoni na ubavu ulio wazi, asimwagilie majani bali shina. Banda hilo linautengenezea mnyanya kiangazi chake katikati ya masika, na hesabu inabaki ileile: ua na tunda vikutwe na ukavu, uwe wa anga au wa paa.

Ni kweli pia kwamba kiangazi kina wadudu wake. Utitiri mwekundu, inzi weupe na vithiripi huongezeka hewa ikikauka, nondo wa kabichi huzaliana haraka mvua zisipowaosha, na tangu mwaka 2014 tunaye kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyevuka mipaka kutoka Amerika ya Kusini na kufika Kenya na Tanzania. Silipuuzi tatizo hilo. Lakini mdudu anaonekana, ana mayai unayoweza kuyafuta, ana jani unaloweza kulichuma na kulichoma, na neti humzuia kitaluni. Anampa mwenye bustani wiki kadhaa za kupambana naye. Bakajani kwenye mvua haimpi hata siku tano. Pita kila asubuhi ukigeuza majani ya chini, usipande nyanya mahali palipotoka nyanya, biringanya au viazi mviringo, na ondoa masalia yote mavuno yakiisha.

Swali gumu ni hili: misimu yenyewe imevurugika, tarehe zina faida gani? Vuli ya 2019 na ya 2023 zilileta mafuriko, na vuli tatu mfululizo, 2020 hadi 2022, zilikuwa haba. Machi 2019, kimbunga Idai kilipopiga Msumbiji, masika ya kaskazini yalichelewa kuanza. Mimi naona vurugu hiyo inaitia nguvu hoja. Anayepanda kila kitu na mvua ya kwanza ameweka bustani yote juu ya siku moja, na siku hiyo ndiyo yenye mashaka kuliko zote katika msimu. Anayehesabu kutoka kwenye ua ana kitalu, na kitalu kinaweza kusubiri mwongo mmoja, kufunikwa, au kurudiwa kwa kipakiti kingine. Sia kwa makundi mawili au matatu yenye siku kumi kati yake. Fuatilia pia utabiri unaotolewa kabla ya kila msimu na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha kikanda cha ICPAC, lakini usome ulivyo: unasema mahali gani pana uwezekano mkubwa wa mvua kuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani, na hauahidi. Vuli hutabirika vizuri kuliko masika kwa sababu inafuata hali ya joto la bahari ya Pasifiki na ya Hindi; El Niño kwa kawaida huiongezea mvua, La Niña huipunguzia. Kwa masika usiegemee sana utabiri wa msimu, tegemea ule wa siku kumi.

Hata mchicha unaopandwa na mvua ya kwanza unaweza kudanganywa. Mvua moja kubwa hushuka, mbegu huota, kisha jua hufuata kwa wiki mbili. Kabla ya kusia mboga za majani chimba kishimo cha sentimita 20: udongo ukishikamana mkononi hadi chini, sia, ukikuta ukavu nusu ya kina, ngoja mvua ya pili. Umbo la tuta nalo lifuate majira. Wakati wa mvua inua tuta sentimita 20 hadi 30 ili mizizi isizame, na uchimbe njia ya maji kufuata mteremko. Mvua ikikoma geuza mpango: tengeneza jaruba, kingo zikiwa juu na kitanda chini, ili kila tone la ndoo libaki kwenye mizizi. Nimewahi kusoma maelekezo mengi yanayompa mtu umbo moja la tuta kwa mwaka mzima, na sioni namna yanavyoweza kuwa sahihi kwa Februari na Aprili kwa pamoja.

Inabaki vuli ya pwani, ambayo ni fupi na nyuma yake linakuja joto la kaskazi. Hapa kanuni ileile inatoa jibu jingine: ua litakutana na usiku wa nyuzi 25, kwa hiyo chagua mimea ambayo ua lake halijali. Minyanya ya kipupwe ing'olewe Oktoba, kitanda kiongezwe samadi iliyooza, kisha usie bamia, kunde na mchicha, na miche ya biringanya iliyoandaliwa Septemba ihamishiwe hapo ikiwa kitanda hakikuwa cha nyanya. Bamia iliyosiwa katikati ya Oktoba huanza kuchumwa mwanzoni mwa Desemba, na huendelea kuchanua katika joto la Januari.